Mwajiriwa mpya kwenye kampuni ya matangazo hukwama wapi hasa siku 90 za kwanza?

#1 Kalamu Risasi
Wakuu, salaam. Natupa hoja, nipingeni kwa vitu vinavyoshikika.

Mtu mpya akishindwa kuzoea kampuni ya matangazo, kwanza husemwa hana kipaji, kisha husemwa hawezi presha. Kwa walio wengi siyo kweli. Wanakwama kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kazi inavyotembea humo ndani: inaingilia mlango gani, inapita kwa nani, nani ana mamlaka ya kuisimamisha, inatokea wapi.

Safari yenyewe ni hii. Mteja anampa ombi afisa wa akaunti, yaani anayemhudumia mteja huyo ndani ya kampuni. Afisa anakaa na mpangaji mkakati, wanaandika brifu, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa. Mratibu wa kazi anafungua namba ya kazi na kupanga tarehe. Brifu inasomwa mbele ya wabunifu, yaani mwandishi na msanii. Mawazo yao yanachujwa na mkurugenzi wa ubunifu, yanarudi kwa akaunti, yanaenda kwa mteja, yanarudi na masahihisho, yanaidhinishwa kwa maandishi. Halafu uzalishaji, halafu idara ya vyombo inapeleka tangazo redioni, kwenye televisheni, mtandaoni au kwenye bango. Hesabu mikono hapo.

Asiyeijua safari hii hurudia makosa yaleyale. Anapokea kazi kwa mdomo akiwa koridoni. Anaanza bila namba ya kazi, kwa hiyo saa zake hazina pa kuandikwa. Anamtumia mteja rasimu ambayo mkurugenzi hajaiona. Kila kosa linaonekana dogo, ila likirudiwa mara tatu watu wanaanza kumkwepa, na yeye hajui kwa nini.

Dawa ninayoijua: mpe kazi moja ndogo kabisa, mfano tangazo la robo ukurasa, aifuate kwa miguu yake kutoka brifu mpaka inapochapwa. Asikae idara moja.

#2 Sikio la Mteja
Naunga mkono nusu. Ramani ya kazi ipo kwenye kampuni nyingi, imechorwa vizuri, na bado watu wanapotea. Kinachowapoteza ni brifu.

Mtu mpya huisoma brifu kama swali la mtihani, akiamini jibu sahihi lipo mahali fulani limefichwa. Brifu ni makubaliano ya kazi. Ina tatizo la kibiashara, anayeongeleshwa, jambo moja la kumwambia, sababu ya yeye kuliamini, sauti ya tangazo, vitu vya lazima kama nembo na masharti ya ofa, vipimo, bajeti na tarehe. Kimoja kikikosekana, kazi yako ya kwanza ni kukiulizia kabla hujafungua programu yoyote.

Namna ya kujikinga: ndani ya saa chache baada ya kupewa brifu, iandike upya kwa sentensi tano za maneno yako, uirudishe kwa aliyekupa. "Nimeelewa kwamba tunaongea na fulani, anaamini hivi, tunataka aamini vile, kwa sababu hii, na kipimo cha kufaulu ni hiki." Akijibu "hapana, siyo hivyo", umeokoa siku mbili za kazi ya bure.

#3 Mpita Hapa
Brifu nzuri inatakiwa iwe na kurasa ngapi? Naona nyingine zina kumi na kitu.

#4 Sikio la Mteja
@Mpita Hapa ukurasa mmoja. Zilizobaki ni viambatisho. Angalia zaidi ule mstari wa "jambo moja la kumwambia". Ukikuta ndani yake kuna "na", "pia" au mkato, hayo ni mambo mawili au matatu. Rudi kwa afisa wa akaunti mkate pamoja, msiwaachie wabunifu wakisie lipi ni kubwa.

#5 Saa Mkononi
Nyote mmeruka kitu kinachowatesa wageni kuliko brifu: jedwali la saa.

Mtu anatoka chuo au gazetini, anaambiwa kila jioni aandike saa zake kwa vipande vya dakika 15 au 30, kila kipande na namba yake ya kazi. Anaona ni polisi. Kwa hiyo anafanya moja kati ya mawili. Wa kwanza anajaza Ijumaa jioni kwa kukumbukia, na kumbukumbu ya Jumatatu imeshaharibika. Wa pili ametumia saa 9 kwenye kazi iliyokadiriwa 4, anaona aibu, anaandika 4.

Huyu wa pili ndiye anayeleta hasara. Kampuni nyingi sasa hulipwa ada inayokadiriwa kwa saa za watu, ikijumlishwa gharama za uendeshaji na faida. Mkataba ukifika wakati wa kujadiliwa upya, uongozi unaangalia saa zilizoandikwa. Zikisema 4, mteja atalipia 4 tena, na mwaka unaofuata kuna mtu atakesha kuziba zile 5 zilizofichwa, pengine ni yeye mwenyewe. Mgeni akielezwa hesabu hii siku ya kwanza, anaandika ukweli. Akiambiwa tu "jaza, ni sera", anadanganya kwa nia njema.

#6 Kalamu Risasi
#5 hapo umenena. Nyongeza ya historia inayosaidia wageni kuelewa: zamani kampuni ziliishi kwa kamisheni ya asilimia 15 kutoka kwenye vyombo vya habari. Mteja akitumia 100 kwenye gazeti, gazeti linachukua 85, wakala anabaki na 15. Kwa mfumo huo saa za mbunifu hazikuwa na bei.

#7 Saa Mkononi
Sahihi, na ndiyo maana mgeni akiingia idara ya vyombo atakutana na 17.65 na kushangaa imetoka wapi. Ni kamisheni ileile ya 15 ikihesabiwa juu ya zile 85 zinazobaki kwa gazeti: 15 gawanya kwa 85. Asiyejua hili anaweza kuongeza 15 juu ya 85, akapata 97.75, halafu akatafuta pengo la 2.25 usiku kucha.

#8 Rula na Wino
Nimesoma kwa makini. Mnaongea mambo ya vikao, ila upande wetu wa uzalishaji mgeni anakwama kwenye vipimo. Kijana anachora vizuri mno, faili lake halichapiki.

Yanayorudi kila siku: ametengeneza kwa RGB, rangi za kioo cha kompyuta, badala ya CMYK, rangi nne za wino wa kuchapia, ile bluu kali aliyoipenda kwenye kioo inatoka imefifia kwenye karatasi. Hajaacha blidi, ule ukingo wa ziada unaokatwa, milimita 3 kila upande. A4 ni 210 kwa 297, faili lake linatakiwa liwe 216 kwa 303. Picha ameivuta mtandaoni, ina nukta 72 kwa inchi, gazeti la kung'aa linataka 300. Maandishi madogo meusi ameyajenga kwa rangi nne, sahani za kuchapia zikisogea hata kidogo herufi zinaota kivuli. Herufi ndogo nyeusi ziwe nyeusi tupu. Na fonti: hajazigeuza kuwa maumbo wala hajaziambatisha, kwa hiyo mashine ya mchapaji inaweka fonti yake.

Bango la barabarani ni kinyume. Mgeni aliyekwisha kukaririshwa "300" anafungua ukurasa wa mita 12 kwa 3 kwa nukta 300, yaani pikseli zaidi ya 141,000 kwa upana, kompyuta inaganda. Bango hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 10: sentimita 120 kwa 30 kwa nukta 300. Likikuzwa linabaki na nukta 30 kwa inchi, na zinatosha kwa sababu mtazamaji yupo mbali.

Mgeni wa ubunifu akae na mchapaji siku mbili. Baada ya hapo hatamsumbua mtu.

#9 Mpita Hapa
Mkuu #8 umeshusha darasa zima, nimehifadhi. Inaonekana kuna faili limekuudhi asubuhi hii.

#10 Rula na Wino
Limeniudhi kweli, na mwenye faili ana kipaji kikubwa. Ndiyo maana nasema siyo kosa lake. Hakuna aliyemwambia.

#11 Kalamu Risasi
Basi na upande wa waandishi niongeze. Tangazo la redio la sekunde 30 ni maneno kama 75. Mgeni anayetoka kwenye uandishi wa habari analeta maneno 120, mtangazaji anayakimbiza, hakuna anayesikia kitu.

#12 Silabi kwa Silabi
@Kalamu Risasi hapo naomba kukusahihisha, na ni kosa linalowaumiza wageni wengi. Maneno 75 ni kipimo cha Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja. Neno la Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. "Tutakapowafikishia" ni neno moja, silabi tisa. Ukimpa mgeni kipimo cha maneno 75 kwa Kiswahili, utapata tangazo la sekunde 40 na zaidi.

Kipimo cha kweli ni saa. Soma kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayeongea na jirani, siyo kwa macho. Macho husoma haraka kuliko ulimi. Lenga sekunde 27 au 28 ili muziki na pumzi vipate nafasi. Tarakimu ziandike kwa maneno kwenye rasimu, maana "0" na "700" zinaonekana fupi kwenye karatasi lakini mdomoni ni "sifuri" na "mia saba". Namba ya simu yenye tarakimu 10 ikisomwa ili mtu aishike hula kama sekunde 5, na wateja hupenda isomwe mara mbili. Hapo umebaki na sekunde 17 au 18 za kusema lako, kabla ya "vigezo na masharti kuzingatiwa".

#13 Kalamu Risasi
Nimekubali, nafuta 75 yangu. Saa ndiyo kipimo.

#14 Meza ya Wawili
Hivi vyote ni ufundi, na ufundi hufundishika ndani ya wiki sita. Kwa nini basi wapo wanaojua blidi, wanajaza saa zao vizuri, na bado wanaondoka mwezi wao wa tano kazini?

Nadhani ni kukataliwa. Kampuni ya matangazo ni sehemu ambapo kazi nzuri hufa kila siku, na hufa mbele ya watu. Unaleta mawazo 20, linabaki 1, mteja analibadilisha hilo 1. Mgeni anachukulia kila wazo lililochanwa kama yeye mwenyewe kachanwa. Aliyekwisha kuzoea anajua wazo lililokataliwa ni gharama ya kulifikia lililopita.

Kinga kubwa hapa ni mwenza. Mwandishi na msanii kuketi meza moja na kubuni pamoja haikuwa desturi tangu mwanzo. Zamani mwandishi aliandika maneno, akayapeleka chumba kingine yapangwe. Bill Bernbach na wenzake wa Doyle Dane Bernbach, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1949, ndio walioeneza utaratibu wa kuwaweka wawili hao pamoja. Faida yake kwa mgeni ni kwamba wazo likikataliwa, limekataliwa "letu" siyo "langu", na mnatoka kikaoni mkiwa wawili. Mgeni anayeachwa bila mwenza, akiazimwa leo huku kesho kule, anabeba kila hapana peke yake.

#15 Sikio la Mteja
#14 nzito. Ila inawahusu wabunifu tu. Afisa wa akaunti hana mwenza, na yeye ndiye anayepigwa pande zote mbili: ndani anaitwa tarishi wa mteja, kwa mteja anaitwa wakili wa wabunifu.

#16 Chuo na Kazi
Naomba niongeze kitu cha kitaaluma maana mnakizunguka bila kukitaja. John Van Maanen na Edgar Schein mwaka 1979 waliandika kuhusu jinsi taasisi zinavyompokea mgeni. Walitaja njia sita zenye pande mbili mbili. Zinazofaa hapa ni tatu. Mgeni anapokelewa na kundi au peke yake? Ana mtangulizi wa kumwiga au anaingia kwenye nafasi isiyo na mtu kabla yake? Taasisi inathibitisha alivyo alipokuja au inamvua alivyokuwa ili imjenge upya?

Kampuni ya matangazo huwa inamchukua mtu kwa sababu ya jalada lake la kazi, yaani inamwambia "tunakutaka ulivyo". Halafu wiki ya pili inamvua: sauti yako siyo ya chapa hii, mtindo wako haufai hapa. Mgeni anachanganyikiwa kwa sababu amepewa jumbe mbili zinazopingana. Hili kwangu linaeleza kuondoka kwa watu kuliko brifu na saa.

#17 Saa Mkononi
@Chuo na Kazi nakuelewa, lakini kumvua ni lazima. Chapa ina sauti yake. Benki haiwezi kuongea kama soda kwa sababu mwandishi mpya anapenda utani.

#18 Chuo na Kazi
Sikatai kuvua. Nakataa kutomwambia mapema. John Wanous aliandika sana kuhusu kumwonyesha mwombaji kazi ilivyo kabla hajasaini, mazuri na mabaya. Kwenye usaili mwonyeshe kazi moja kuanzia rasimu ya kwanza mpaka iliyotoka, na masahihisho yote katikati. Atakayesaini baada ya kuona matoleo 14 ya tangazo moja, hatashangaa toleo lake la tisa likirudishwa.

#19 Mgeni wa Jumatatu
Habari wakuu. Naanza Jumatatu, nafasi ya afisa wa akaunti. Nimesoma uzi wote. Ukiacha ramani na brifu, wiki ya kwanza nifanye nini kwa mikono yangu?

#20 Sikio la Mteja
Karibu sana. Shika ripoti ya kikao. Wageni wengi huidharau, wanaona ni kazi ya karani. Kila mkikutana na mteja au mkiongea naye kwa simu, ndani ya saa 24 mtumie maandishi mafupi: waliokuwepo, kilichoamuliwa, nani anafanya nini, kwa tarehe ipi. Usiandike mazungumzo, andika maamuzi. Malizia kwa kumwomba arekebishe kama kuna kilichokosewa. Siku mteja atakaposema "mimi sikuidhinisha rangi hiyo", ripoti hiyo ndiyo itakayowakinga wenzako, na kuanzia siku hiyo wabunifu watakuheshimu.

La pili, masahihisho ya mteja. Yatakuja vipande vipande: moja kwa barua pepe, mawili kwa ujumbe wa simu, sauti moja ya dakika tatu, na bosi wake anasema kinyume. Usiyasukume kwa wabunifu kama yalivyokuja. Yakusanye kwenye ukurasa mmoja, yape namba, yanayopingana rudi kwa mteja aamue. Raundi moja iliyokamilika ni bora kuliko tano za vipande.

La tatu, "ifanye ivutie zaidi" siyo sahihisho. Uliza: ni nini mtazamaji hatakiona au hatakielewa ikibaki hivi? Mara nyingi utagundua shida yake ni bei haionekani.

#21 Rula na Wino
Nyongeza kwa @Mgeni wa Jumatatu: majina ya faili. Namba ya kazi, chapa, kipimo, toleo, tarehe. Kwa mpangilio huohuo kila mara. Ukiona faili linaitwa "mwisho_kabisa_hii", usilitume popote. Lililoidhinishwa liwe kwenye folda yake peke yake, na lisiguswe. Makosa ya kuchapa toleo la zamani hayatokani na ujinga, hutokana na folda moja yenye "mwisho" nne.

#22 Redio Hadi Bango
Na mtu asisahau idara ya vyombo, tunasahaulika hata kwenye uzi huu. Kijana akitoka kwenye hesabu au takwimu anadhani amefika nyumbani, kumbe maneno yanamzungusha. Ufikio ni asilimia ya walengwa walioliona tangazo angalau mara moja. Mara za kuonekana ni wastani wa kila aliyefikiwa. Zidisha upate pointi za jumla: ufikio 60 mara 4 ni pointi 240. Kosa la mgeni ni kudhani 240 ni 240 tu. Ufikio 30 mara 8 ni 240 pia, lakini hapo umewachosha wachache na wengi hawajakusikia. Bidhaa mpya kwa kawaida huhitaji kuenea kwanza. Ukijua kuuliza "240 zipi?", wakubwa wataanza kukuita kwenye vikao.

#23 Mawazo Kumi
Narudi kwa #14. Kukataliwa kunaanzia kwenye vile vikao vya kumwaga mawazo. Mgeni anakalishwa na watu wanane, kila mtu anasema lake, yeye ananyamaza, kisha anaambiwa hachangii. Utaratibu wenyewe ulitoka kwa mtu wa matangazo, Alex Osborn wa kampuni ya BBDO, na sharti lake kubwa lilikuwa kutohukumu wazo lolote mpaka yote yatoke. Kwenye vikao vingi sharti hilo limeachwa, jina limebaki.

#24 Chuo na Kazi
Na hata sharti likifuatwa, mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walipima: watu wanaobuni kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa, walitoa mengi kuliko idadi ileile ya watu wakiwa kikundi. Kwa hiyo kuhukumu kipaji cha mgeni kwa ukimya wake kwenye kikundi ni kosa la kipimo.

#25 Mawazo Kumi
Asante. Basi njia rahisi: kila mtu aandike peke yake dakika 15, karatasi zibandikwe ukutani bila majina, ndipo mjadala uanze. Mgeni atachangia sawa na mkurugenzi, kwa sababu karatasi haina cheo.

#26 Meza ya Wawili
Sawa, ila #24 isitumike kuua mwenza. Wawili waliozoeana si sawa na kikundi cha wanane wasiojuana.

#27 Silabi kwa Silabi
Kuna jambo halijatajwa: kufanya kazi nyumbani. Sehemu kubwa ya yale anayojifunza mgeni huyaokota kwa kusikia. Anasikia mkurugenzi akikataa wazo la mtu mwingine na sababu yake, anaona afisa wa akaunti anavyopokea simu ya mteja mwenye hasira. Mgeni wa mbali hupata maamuzi tu, bila sababu. Kwa huyo lazima sababu ziandikwe. "Hapana" itumwe na mstari mmoja wa kwa nini: haiko kwenye brifu, mshindani ameshaitumia, haisomeki kwa umbali. Baada ya "hapana" kumi zenye sababu ataanza kujichuja mwenyewe.

#28 Mpita Hapa
Kwa hiyo tumepata sababu ngapi sasa? Ramani, brifu, saa, vipimo, mwenza, kuvuliwa, umbali.

#29 Kalamu Risasi
@Mpita Hapa bado nashikilia ramani. Angalia, kila mmoja hapa ametaja kituo kimoja cha safari ileile. Brifu ni kituo, saa ni kituo, uchapaji ni kituo.

#30 Chuo na Kazi
Siyo kweli mkuu. Kukataliwa na kuvuliwa havimo kwenye ramani yoyote. Mtu anaweza kuijua njia yote na bado asijione ni wa hapo.

#31 Saa Mkononi
Na mimi nashikilia hesabu. Kampuni ikiuza saa 4 kwa kazi ya saa 9, hata umpe ramani, mwenza na karatasi zisizo na majina, mgeni atachoka tu mwezi wake wa tano. Yale mnayoyaita kutozoea, mengine ni uchovu wa mkataba uliokadiriwa vibaya.

#32 Mgeni wa Jumatatu
Nimenakili yote. Swali moja la mwisho: namba ya kazi naiomba kwa nani, na kabla au baada ya brifu kusainiwa?

#33 Rula na Wino
Kwa mratibu wa kazi, kabla. Brifu yenyewe ibebe namba hiyo juu kulia, ili hata saa za kuiandika ziwe na pa kuingia. Kama kwenu hakuna mratibu, uliza nani anashika orodha ya kazi zinazoendelea, maana lazima yupo mmoja anayeishika.

#34 Sikio la Mteja
Hapo #33 tunatofautiana. Sehemu nyingine namba haifunguliwi mpaka mteja akubali makadirio ya gharama kwa maandishi, ili watu wasianze kazi isiyo na malipo. Saa za kuandika brifu zinaingia kwenye namba ya jumla ya mteja huyo. Uliza kwenu wanafuata ipi kabla hujagusa kitu.